Yasiyoandikwa Katika Kumbukumbu

Jumamosi, saa nane na dakika kumi.
Mvua ilikuwa imetishia, ikaghairi.
Waliohudhuria: thelathini na mmoja.
Aliyetoa udhuru: Asava, yuko kwenye mtihani wa udereva.
Mwandishi: mimi, Mideva binti Kedogo,
kwa kalamu ya kuazima.

Ajenda ilikuwa moja,
chemchemi ya Kwa Vihenda, chini ya mteremko wa Chavakali,
iliyokuwa ikijaza mtungi kabla hujamaliza salamu.
Siku hizi unasalimu,
unauliza mahindi, unauliza mgonjwa,
unazika, unaozesha binti,
mtungi bado unadai.

Nikaandika: "Mwenyekiti, Bi Jerida, alieleza kuwa
mikaratusi iliyo juu ya jicho la maji
inakunywa kuliko kijiji."
Sikuandika mikaratusi ni ya nani.
Kila mtu alitazama viatu vyake,
ila waliokuja pekupeku.
Hao walimtazama baba.

Aliipanda mwaka niliozaliwa,
sitini na miwili, akipima nafasi kwa hatua zake,
na yote akaipa jina moja: Karo.
Mti ule haufi kwa panga.
Ukiukata unachipua kisikini,
kama deni la shemeji.
Mavuno ya kwanza yalinivusha kidato cha kwanza hadi cha nne.
Ya pili yalifuatana na figo za mama hadi hospitali ya Kisumu,
wala hayakurudi naye.
Ya tatu yalibakiza miaka miwili.
Mnunuzi kutoka Luanda alikwisha kuyapima
kwa utepe wa fundi cherehani:
"Mzee, hizi ni nguzo za stima."

Lung'aho akasema sheria ije ikate.
Mwingine akasema sheria ikija
itakunywa chai kwetu kisha irudi Mbale.
Mwingine akauliza habari za fidia,
na neno hilo likakaa katikati yetu
kama mgeni asiyejulikana aliyemleta.

Ndipo baba akasimama.
Nikaandika: "Bwana Kedogo alichangia."
Alichosema ni hiki:
"Nilipoipanda nilikuwa na kiu ya kitu kingine.
Kukata si kazi, hata mimi nitakata.
Lakini kisiki hakitoki kwa mtu mmoja.
Jumatatu njooni na majembe.
Na msije na maneno."

Waliounga mkono: thelathini.
Aliyekaa kimya: mwandishi.
Barua ya chuo cha Nakuru ilikuwa ndani ya daftari hilohilo,
nimeikunja mara mbili,
naitumia kuonyesha ukurasa.

Kisiki cha kwanza kilikula siku moja na nusu
na mpini wa Lung'aho.
Mizizi ilikuwa imeshuka, ikapinda,
ikaenda moja kwa moja kwenye maji,
kama ng'ombe anayejua njia.
Tulipotoa cha ishirini, watu waliacha kuhesabu.
Mahali pake tulitia mianzi, murembe, mukumari,
na matete kando ya mfereji.
Nepia tukaipanda juu kwenye kingo,
izuie udongo, ilishe ng'ombe, wenyewe wasilalamike.
Watoto walipewa kazi ya kufukuza mbuzi.
Wakaipenda kuliko shule.

Maji hayakurudi wiki ile.
Wala mwezi ule.
Asava, aliyeanguka mtihani, alisema tumeua miti bure,
na usiku nilimsikia baba akijigeuza kitandani
kama mtu anayetafuta upande usiouma.
Chuoni niliandika kuomba mwaka.
Bi Jerida alinitilia shilingi mia nane mfukoni
bila kunitazama usoni.
Hilo pia halimo.

Leo ni mwisho wa Machi. Nimeteremka na mtungi wa lita ishirini,
nimemkuta mke wa Lung'aho.
Nimepima kwa njia yetu:
salamu. Mahindi. Mgonjwa, yuko nafuu.
Nilikuwa nafungua kinywa niulize mazishi ni lini,
maji yakanimwagikia miguuni.